Wasomaji Wauliza: Mwalimu Anayejitolea na Afya ya Shule Yake

Katika toleo lililopita tuliwaomba walimu watueleze wanachokifanya kwa hiari yao, nje ya vipindi, ili shule zao ziwe na kivuli, maji safi, vyoo vinavyofaa na hewa isiyo na moshi, na watueleze pia ni wapi wanakwama. Barua nyingi zilihusu miti, chache zilihusu vyoo, na jiko lilitajwa mara moja tu, jambo lililonisikitisha kwa sababu zitakazoonekana huko mbele. Nimechagua sita. Nimezifupisha bila kubadili maana, na majina ya shule nimeyaacha kwa makusudi.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha shule ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tunapanda miti pamoja na wageni. Mwaka jana tulipanda miche 200, na ilipofika Oktoba ilikuwa imebaki 9. Wenzangu wamekata tamaa na wanasema ardhi yetu haitaki miti. Mimi niko tayari kutoa jioni zangu na Jumamosi, lakini sijui nianzie wapi.

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Ardhi ya Chamwino imejaa mikungugu na mibuyu iliyoota bila kumwagiliwa na mtu yeyote, kwa hiyo tusiisingizie. Tatizo lenu la kwanza ni tarehe. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, nao kwa wastani hauleti zaidi ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mche unaopandwa tarehe 5 Juni huingia ardhini kiangazi kikiwa kimeshaanza, mizizi yake ikiwa haijavuka urefu wa kiriba chake, na mara tu baada ya sherehe shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Hata ungekuwa na bidii ya namna gani, hapo unapambana na hali ya hewa. Siku ya Mazingira iadhimisheni kwa kazi za kiangazi, kama kutengeneza uzio, kukusanya samadi na kurundika mboji, na siku ya kupanda iwekeni mwezi Januari, shule zinapofunguliwa na udongo ukiwa umeshalowa vizuri. Wageni waalikwe siku hiyo. Wakishindwa kuja, pandeni bila wao.

Tatizo la pili ni hesabu. Mche mchanga katika nchi kavu unahitaji kiasi cha lita 5 za maji mara mbili kwa wiki, yaani lita 10. Miche 200 inataka lita 2,000 kila wiki, ambazo ni ndoo 100 za lita 20, na hizo zinapaswa kupatikana tangu Mei hadi Novemba. Sijui shule ya msingi ya kijijini inayoweza kuzitoa bila kuwageuza watoto kuwa wachota maji. Miche 40 inataka ndoo 20 kwa wiki, na nyingi kati ya hizo zinaweza kutokana na maji ya kunawia mikono na ya kusuuzia vyombo. Ningependa kusikia kwamba mmepanda 40 na mwaka unaofuata mnayo 35, kuliko kusikia kwamba mmevunja rekodi ya wilaya. Ukitaka kupunguza zaidi, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa tundu dogo la sindano karibu na kitako, ifukie nusu pembeni mwa mche na uijaze jioni, maji yatachuruzika polepole hadi kwenye mizizi badala ya kukaushwa na jua juu ya ardhi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina, ila zisiliguse, kwa sababu zikilowa huliozesha na pia huleta mchwa.

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua, yawe na upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu na wa chini utengwe, kisha ule wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa kwanza. Ukichimba kishimo cha upana wa jembe katika udongo mgumu wa kwenu, mizizi itajizungusha humohumo na mti utadumaa.

Kuhusu aina, mwarobaini unavumilia ukame na kutoa kivuli kizito, mjohoro hukua upesi, mkwaju huchelewa lakini watoto watakula ukwaju wake, na mlonge hutoa majani ya mboga. Miti ya kivuli ielekezwe upande wa magharibi wa madarasa, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linalopiga kuta kwa ukali wakati wanafunzi wa vipindi vya mwisho wamechoka, na ikae si chini ya mita tano kutoka ukutani ili mizizi isisumbue msingi na majani yasizibe mifereji ya paa. Uwe mwangalifu na uzio. Shule nyingi za kanda ya kati zimezungushiwa minyaa kwa sababu mbuzi haili, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya, na watoto huvunja matawi kila siku wakicheza. Mbono kaburi nao una mbegu tamu mdomoni ambazo humtapisha na kumharisha mtoto aliyezila. Kama uzio huo upo tayari, wafundisheni wanafunzi waujue, na muuondoe kidogokidogo kuanzia karibu na madarasa ya awali.

Ninalokuomba kuliko yote hayo ni kwamba usikubali kumwagilia miti kuwa adhabu. Nimeona katika shule nyingi mtoto aliyechelewa akikabidhiwa ndoo na kuambiwa akamwagilie miti kumi, na aliyepiga kelele akapewa ishirini. Mtoto huyo anajifunza kwamba mti ni mzigo wa wakosaji, na baada ya kumaliza shule hataupanda nyumbani kwao. Kazi igawanywe kwa ratiba, wavulana sawa na wasichana, walimu wakiwemo. Jina la mwalimu likiwa kwenye ratiba ileile, na wanafunzi wakamwona ameshika ndoo, hutahitaji hotuba. Kwa likizo ya Juni, zungumzeni na familia zinazoishi jirani na shule, kila moja ichukue miche miwili au mitatu, na kamati ya shule ilijue jambo hilo kwa maandishi.

Hatimaye, angalia paa lako kabla ya kulalamikia maji. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita za mraba 140, katika mwaka wa milimita 500, hupokea lita 70,000. Hata robo yake ikipotea, zinabaki lita zaidi ya 50,000 ambazo leo zinaanguka chini na kuchimba makorongo uwanjani. Huna tangi la kuzibeba zote, lakini mfereji wa bati na tangi moja la lita 5,000 ni ombi ambalo kamati ya shule inaweza kulipeleka kijijini au kwa mfadhili ikiwa na hesabu hiyo mkononi, na kuiandaa hesabu hiyo ni kazi ya kujitolea inayomfaa sana mwalimu wa Hisabati na darasa lake. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Swali: Assalaamu alaykum. Ninafundisha Unguja, mkoa wa Mjini Magharibi. Tumepamba uwanja kwa matairi ya zamani yaliyopakwa rangi, mengine ya maua na mengine ya kuchezea. Mzazi mmoja amelalamika kwamba tunafuga mbu. Je, ana haki?

Waalaykum salaam. Ana haki, naye ashukuriwe. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda kutaga katika maji machache yaliyotuama ndani ya vyombo, na tairi humfaa sana kwa kuwa limepinda ndani, lina giza na halikauki upesi. Mbu huyo huuma mchana, wakati ambao wanafunzi wenu wamo uwanjani na darasani. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019, na mvua za masika za Unguja ni nyingi mno kuacha jambo hili kwa bahati.

Si lazima muyatupe. Matairi ya maua yajazwe udongo mpaka juu, pasibaki nafasi ya maji. Ya kuchezea yatobolewe matundu makubwa upande wa chini, au yafukiwe nusu na sehemu ya chini ishindiliwe mchanga. Kisha mwalimu mmoja na wanafunzi wa klabu ya afya wazunguke shule siku moja maalumu kila wiki wakimwaga maji yote yaliyotuama: sahani za chini ya vyungu, makopo, vifuu, mfereji ulioziba. Wiki moja ni kipimo kizuri kwa sababu yai la mbu huhitaji takriban siku saba hadi kumi na nne kuwa mbu anayeruka, kwa hiyo mzunguko usiokatika huwamaliza kabla hawajaota mabawa.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kike katika shule ya msingi mkoani Simiyu, na ndiye mwalimu wa afya. Tuna wasichana zaidi ya 400 na matundu sita ya vyoo yaliyo upande wao. Ndoo za kunawia tulizopewa wakati wa UVIKO-19 zimeharibika koki. Wasichana wa darasa la sita na la saba hukosa shule siku kadhaa kila mwezi. Nimejitolea kununua sabuni kwa mshahara wangu lakini nimeshindwa kuendelea. Nifanye nini ambacho hakitanimaliza?

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo huo. Nianze na sabuni. Acha kuinunua peke yako. Mwalimu anayeziba pengo kwa mshahara wake huifanya shule isilione pengo, na siku akihamishwa kila kitu hukoma naye. Toa muda wako na ujuzi wako, lakini gharama za kila siku zipelekwe kwenye kikao cha kamati ya shule na cha wazazi, ziandikwe na zipangiwe fungu, hata likiwa dogo.

Mwongozo wa kitaifa wa maji, afya na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa wasichana 400 ninyi mlipaswa kuwa na matundu 20. Huwezi kuyajenga kwa kujitolea, wala usijaribu. Unachoweza ni kuandika upungufu huo kwa takwimu, ukionyesha wanafunzi kwa jinsia, matundu yanayotumika na yasiyotumika, umbali wa maji, kisha barua hiyo ipitie kwa mwalimu mkuu hadi kwa ofisa elimu kata na ofisa afya, na nakala ibaki shuleni. Fanya hivyo kila mwaka, kwa kuwa bajeti hupangwa kila mwaka. Wakati huohuo yatunze hayo sita yaliyopo. Tundu lenye mlango usiofungika halihesabiki kwa msichana, hata kama lipo kwenye taarifa. Komeo la ndani linagharimu kidogo, na mwalimu wa kiume mwenye nyundo na saa moja ya Jumamosi anaweza kuyafunga yote sita. Hilo ni jambo ambalo ningependa walimu wanaume wanaosoma safu hii walichukue kuwa lao.

Kuhusu kunawa, nimeziona ndoo kama zenu katika shule nyingi: koki imevunjika, tundu limezibwa kwa kipande cha gunia, na ndoo imepelekwa jikoni kuhifadhia maji. Koki ndiyo hufa kwanza kwa sababu mikono mamia huizungusha kila siku. Rudini kwenye kibuyu chirizi, ambacho hakina cha kuvunjika. Unachukua kidumu cha lita tano, unatoboa matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, chini kidogo ya mfuniko, unakining'iniza kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, kisha unafunga kamba kutoka shingoni hadi kwenye kijiti kilicholazwa chini. Mtoto anakanyaga kijiti, kidumu kinainama, maji yanachirizika, na hagusi chochote kwa mkono. Weka vinne au vitano karibu kabisa na vyoo, katika urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, na chini mwage kokoto ili pasiwe tope. Maji yanayomwagika yaelekezwe kwenye mpapai au mgomba. Sabuni ya kipande hupotea, kwa hiyo tumieni unga wa sabuni, gramu 30 zilizoyeyushwa katika chupa ya lita moja na nusu ya maji, mfuniko ukiwa umetobolewa. Hata hiyo ikifungwa kwa kamba haiendi mbali.

Sasa wasichana. Wanachokosa siku hizo mara nyingi ni vitu vitatu: faragha, maji ndani ya faragha hiyo, na mtu mzima wa kumwambia. Tengeni tundu moja kati ya sita, lile la mwisho lenye mlango mzima, liwe la kujisitiri, likiwa na ndoo ya maji, kopo, na chombo chenye mfuniko cha taulo zilizotumika. Shimo la kuchomea liwe mbali na madarasa, na litumike wanafunzi wakiwa wameondoka. Hifadhini akiba ndogo ya taulo za kike kwa dharura, na kama kuna mama fundi cherehani kijijini, aje awafundishe wasichana, na wavulana wanaotaka, kushona taulo za kufua. Taulo hizo zianikwe juani, si chini ya godoro kwa aibu, maana jua ndilo linaloua vijidudu na unyevu ndio unaoleta muwasho. Siku ya Hedhi Salama, tarehe 28 Mei, ni nafasi nzuri ya kuwaita kina baba. Baba akishaelewa kwa nini taulo ni hitaji la shule sawa na daftari, mzigo wako unapungua.

Usafishaji wa vyoo nao uwe na ratiba ya wote, wenye viatu vya kufunika miguu na glavu, na usiwaangukie wasichana peke yao.

Swali: Mheshimiwa Mwalimu, shikamoo. Nafundisha sekondari ya kutwa wilayani Kilolo, Iringa. Mchana tunatoa makande, na kila mwanafunzi huleta vipande viwili vya kuni kwa wiki. Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira. Tumepanda miti 300 nyuma ya shule, lakini mpishi wetu anakohoa muda wote na sioni klabu ifanye nini kuhusu jiko.

Marahaba. Hii ndiyo barua pekee iliyotaja jiko, nami nakushukuru kwa kulitazama. Shule inayopanda miti 300 nyuma ya madarasa huku wanafunzi wake 500 wakibeba vipande 1,000 vya kuni kila wiki bado inapunguza msitu wa mtu fulani, na moshi wake unaingia katika mapafu ya mama mmoja aliyesimama juu ya sufuria kuanzia alfajiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nishati chafu za kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na jiko la shule lisilo na dohani halina tofauti kubwa na jiko la nyumbani, isipokuwa sufuria ni kubwa zaidi.

Kwanza, yale yanayowezekana kesho. Mahindi na maharage yalowekwe jioni, maji ya kulowekea yamwagwe, na yapikwe kwa maji mapya. Muda wa kupika hupungua sana, na kuni hupungua pamoja nao. Sufuria ifunikwe. Kuni zipasuliwe nyembamba na zikaushwe chini ya paa walau mwezi mzima, kwa sababu kuni mbichi za Kilolo, pamoja na ukungu wake wote, hutoa moshi kuliko moto. Wanafunzi wa klabu wapime: kuni za wiki moja kabla ya kuloweka, na za wiki moja baada ya kuloweka, kwa mizani ya kawaida ya dukani. Hilo ni somo la sayansi ambalo matokeo yake yanaonekana jikoni siku hiyohiyo.

Pili, jiko banifu la matofali lenye dohani inayotoa moshi nje ya paa. Mafundi wapo, na vifaa vingi ni vya papo hapo. Lakini ujue kwamba nchi imeshachagua kwenda mbali zaidi. Serikali ilizielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, ikaweka tarehe 31 Januari 2024, na wale wanaolisha zaidi ya 300 wakawekewa 31 Januari 2025. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo unapopeleka ombi la gesi, la mkaa mbadala au la bayogesi kwenye bodi ya shule na halmashauri, huombi fadhila, unadai kitu kilichokwisha kuamuliwa. Vipimo vya klabu yako viwe kiambatisho cha ombi hilo. Katika shule yenye ng'ombe au nguruwe bayogesi inafaa, kwenu sidhani.

Na kwa vile makande bila mboga hayatoshi, nafasi iliyo kati ya jiko na tangi inafaa bustani ya magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati yake hupita mhimili wa mawe unaosambaza maji, na mchicha au sukuma wiki hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Mwombe ofisa ugani wa kata aje mara moja. Wengi wao hufurahi kuitwa na shule, na hawaitwi.

Swali: Hujambo Mwalimu? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kaunti ya Kwale, Kenya, karibu na bahari. Wanafunzi wanataka kupanda mikoko. Baadhi ya wazazi wanasema hiyo si kazi ya shule na wanahofia watoto kuzama.

Sijambo, mwalimu. Ninyi mna bahati ya kuwa na mfano mlangoni. Ghuba ya Gazi, humohumo Kwale, ina mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, ambapo wanajamii wa Gazi na Makongeni wanalinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, na mapato yake yameingia katika maji na elimu ya vijiji hivyo. Wapelekeni wazazi wakazungumze na wenzao wa huko kabla ya kuwapeleka watoto matopeni.

Mikoko ni msitu ulio chini ya KFS, shirika la serikali ya Kenya linalosimamia misitu, kwa hiyo usiingie na majembe bila kupitia kwao na kwa chama cha kijamii cha msitu wa eneo lenu. Wao pia watakuonyesha mahali, jambo lenye uzito kuliko idadi, kwa kuwa kila mti una sehemu yake: mlilana hukaa upande wa bahari, mkoko katikati, mchu huvumilia sehemu nyingi. Mkoko uliopandwa mahali pa mlilana hung'olewa na mawimbi. Kuhusu hofu ya wazazi, ni ya haki. Nendeni maji yanapokupwa, mtoke kabla hayajaanza kujaa, mhesabu watoto wakiingia na wakitoka, kila mmoja akiwa na viatu vilivyofungwa, na awepo mvuvi mzoefu anayeyajua maji ya bamvua ya hapo. Klabu ya 4-K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya), moja ya klabu za kilimo za shule zilizofufuliwa mwaka 2021, inaweza kulibeba jambo hili ili lisiwe la mwalimu mmoja. Wadogo wa madarasa ya chini wabaki shuleni na kitalu.

Swali: Mwalimu mwenzangu, nimestaafu na ninaishi Muheza. Nina shamba la michungwa na muda mwingi. Shule ya jirani nilikopata kufundisha haina mti wa matunda hata mmoja. Naogopa nikienda nitaonekana naingilia.

Ndugu yangu, nenda, ila nenda kwa barua. Mwandikie mwalimu mkuu, ueleze unachotaka kufundisha, siku gani, saa ngapi, na uombe upewe mwalimu mmoja wa kufanya kazi nawe. Huyo mwalimu mmoja ndiye muhimu, kwa sababu ujuzi ukibaki kwako peke yako shule haijapata kitu. Kubali pia kwamba sasa wewe ni mgeni: usikae peke yako na mtoto, kazi ifanyike mahali pa wazi, mwalimu wa shule awepo. Hizo ni kanuni za kumlinda mtoto, na zinakulinda wewe vilevile.

Usianze kwa kuwapa michungwa iliyokwisha kubebeshwa. Wafundishe kubebesha. Chukueni mbegu za limao za kienyeji, zioshwe na zipandwe kwenye kitalu siku ileile, kwa maana mbegu za jamii hii zikikauka hupoteza uwezo wa kuota. Miche ikifikia unene wa penseli ndipo watoto wa darasa la sita na la saba wajifunze kupachika kikonyo cha chungwa kutoka mti wako bora, usio na magonjwa, na kufunga kwa utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie. Mingi itakufa katika mwaka wa kwanza, na watoto wavumilie hilo kwa kuandika daftari la kila mche: nani alibebesha, lini, na ulishika au la. Miche itakayozidi mahitaji ya shule iuzwe kwa wazazi, fedha ziingie katika akaunti ya shule kwa stakabadhi, zisipite mkononi mwako. Visu vya kubebeshea uende navyo, uvihesabu kabla ya kipindi na baada yake, na urudi navyo nyumbani.